Mishumaa ya Nta ya Nyuki Siku ya Mvua: Mwongozo Kamili wa Kuchovya kwa Mkono

Masika yakianza, malalamiko ya wasomaji huwa yale yale. Mshumaa umetoka na mabonge. Umepinda. Unatema cheche. Unazimika kabla nta haijayeyuka vizuri. Wengi hutupa nta nzuri na kuhitimisha kwamba kazi hii ina siri yake.

Haina siri. Yanayoharibu ni mawili: joto la nta na utambi. Yote mawili huharibika pale mtu anapotaka kumaliza upesi, na hapo anapoteza pia kile alichokuja kukitafuta, yaani saa chache za kutulia mvua inaponyesha.

Ndiyo maana mwongozo huu ni wa kuchovya. Kumimina nta kwenye glasi kunakwisha kwa dakika chache, halafu umebaki unasubiri tu. Kuchovya kunampa mkono mwendo wake, na akili inafuata taratibu. Vipimo vyote hapa ni vya nta ya nyuki, kwa mishumaa 10 yenye urefu wa sentimita 12 na unene wa sentimita 2 hivi.

## Andaa hivi vyote kabla ya kuwasha moto

- Nta ya nyuki safi, kilo 1.5. Gramu 350 hivi ndizo zitakazoingia kwenye mishumaa. Iliyobaki inahitajika ili kopo libaki limejaa, na baada ya kazi unaihifadhi.
- Kopo la kuchovyea, kina sentimita 15 na upana sentimita 9 hivi. La stili au la alumini ndilo bora. Shaba, mabati na chuma chenye kutu hubadilisha rangi ya nta.
- Sufuria kubwa ya maji ambamo kopo litasimama, na sufuria ndogo ya kuyeyushia nta ya kujazia.
- Vizibo vinne vya soda vya kuweka chini ya kopo, lisigusane na kitako cha sufuria.
- Kipimajoto cha jikoni kinachofika nyuzijoto 100. Kile cha kupimia homa hakifai.
- Uzi wa pamba wa kufumia.
- Vijiti 5 vya mishikaki na nati ndogo 10.
- Viti viwili vilivyogeuziana migongo, na fito mbili za kulaza juu yake ili vijiti vining'inie katikati.
- Magazeti ya zamani, mkasi, kisu na kitambaa kikavu.
- Mfuniko unaoziba kopo sawasawa, na ndoo ya mchanga. Hivi viwe karibu na mkono wako, si chumba cha pili.

Vipande vya mishumaa ya dukani viweke pembeni kwa leo. Ile ni nta ya parafini, huyeyuka kwa joto jingine, na ukiichanganya vipimo vya hapa havitakufaa.

## Hatua ya 1: Chagua mahali na moto

Jiko la gesi au la umeme ndilo rahisi, kwa sababu unaweza kupunguza moto papo hapo.

Kama una jiko la mkaa, soma hapa kwa makini. Mvua ikipiga, watu huingiza jiko ndani na kufunga madirisha. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi, na inaua watu wakiwa wamekaa au wamelala. Jiko la mkaa libaki barazani, chini ya paa, upepo ukipita. Kama hakuna baraza, ahirisha.

Sehemu ya kuning'inizia mishumaa isipigwe na upepo wa mvua. Upande mmoja ukipoa kabla ya mwingine, mshumaa unapinda au kupasuka. Angalia pia paa: maji yakidondokea kwenye nta, baadaye mshumaa hutema cheche.

Utajua uko sawa ukiweza kuchovya na kurudisha kijiti kwenye fito bila kutembea zaidi ya hatua mbili.

## Hatua ya 2: Hakikisha nta ni safi

Nta iliyosafishwa hupatikana kwa wafugaji wa nyuki wa Tabora, Singida na Katavi, au Baringo na Kitui kwa walio Kenya. Nta halisi hunukia asali. Ukiivunja, pale ilipovunjika hapang'ai na pana chembechembe. Ukiifinyanga kwa vidole inalainika bila kunata sana. Ikiteleza kama iliyopakwa mafuta na haina harufu yoyote, usiiamini, huenda imechanganywa.

Kama una masega mabichi, yasafishe siku moja kabla. Na hapa mvua ni msaada wa kweli. Maji mengi ya visima, hasa pwani ambako ardhi ni ya mawe ya matumbawe, yana chokaa. Chokaa hiyo hushikana na nta na kutoa uji wa kijivu usiotengana tena na maji. Maji ya mvua hayana tatizo hilo. Acha mvua ioshe paa kwanza, kisha kinga.

Funga masega kwenye kitambaa cha pamba, tia jiwe safi ndani yake lizamishe fungu, na pasha maji yafike nyuzijoto 80 hivi bila kuchemka. Kandamiza kwa mwiko. Nta itapita kwenye kitambaa na kuelea juu. Toa kwenye moto, funika, acha usiku kucha. Asubuhi utainua kigae cha nta. Upande wa chini utakuwa na tabaka la kahawia, likwangue lote. Kisha kiache kigae kikauke kabisa.

Utajua uko sawa ukiyeyusha kipande kidogo na kuona chini hakuna chembe nyeusi wala matone ya maji.

## Hatua ya 3: Suka utambi

Hapa ndipo wengi huharibu mshumaa ambao bado hawajauanza.

Kwanza hakikisha uzi ni pamba tupu. Kata kipande, kiwashe, kizime. Pamba huacha jivu jepesi linalopukutika kwa kugusa tu, na harufu yake ni ya karatasi iliyoungua. Uzi wenye nailoni au poliesta hujikunja, unayeyuka, na kuacha kishanga kigumu cheusi nchani. Huo haupandishi nta kwenda kwenye moto. Usiutumie hata kama lebo imeandikwa pamba.

Suka nyuzi tatu, msuko wa kawaida wa nywele, uliobana lakini usiokakamaa. Ukimaliza uwe na unene wa milimita 2 hivi. Nta ya nyuki ni nzito kupanda, kwa hiyo inahitaji utambi mnene kuliko wa parafini. Usitumie uzi mmoja uliosokotwa tu. Msuko hujikunja kidogo unapoungua, ncha yake ikafika pembeni mwa mwali na kuteketea. Uliosokotwa husimama wima na kukusanya masizi.

Kata tambi 5 za sentimita 40. Kila mmoja ufunge nati kila ncha, kisha uuning'inize katikati ya kijiti cha mshikaki ili pande zote mbili zishuke sawa, zikiachana sentimita 4 hadi 5. Chonga vijikato viwili kwenye kijiti ili utambi usiteleze. Kijiti kimoja, mishumaa miwili.

Wapo wanaoloweka utambi kwenye maji ya chumvi na boraksi, unga mweupe wa madini, ili uungue polepole. Ni njia nzuri kiangazi. Siku za mvua siipendekezi, kwa sababu utambi unaweza kukaa siku kadhaa bila kukauka hadi ndani, na unyevu ulionaswa kwenye nta ndio unaotema cheche. Hata utambi mkavu wa kabatini uweke kwanza karibu na jiko, si juu yake, kwa nusu saa.

## Hatua ya 4: Yeyusha nta ndani ya maji moto

Panga vizibo vya soda kwenye sufuria kubwa, simamisha kopo juu yake, mimina maji yafike theluthi mbili ya kopo. Vunja nta vipande vidogo, jaza, washa moto wa wastani.

Usiweke kopo moja kwa moja kwenye moto, hata kwa dakika chache. Maji hayapiti nyuzijoto 100, kwa hiyo yanailinda nta isipate joto la kuwaka. Kwenye moto wa moja kwa moja hakuna kinachoizuia.

Nta ya nyuki huanza kuyeyuka kati ya nyuzijoto 62 na 65. Ongeza vipande kadiri inavyoshuka mpaka ibakize sentimita moja na nusu kufika ukingoni. Wakati huohuo yeyusha nta nyingine kwenye sufuria ndogo, nayo ndani ya maji moto.

Ikiwaka moto: usimwagie maji. Maji hugeuka mvuke ghafla na kutawanya nta inayowaka. Zima jiko, funika kwa mfuniko, usifunue mpaka ipoe. Iliyomwagika chini, funika kwa mchanga.

Ikimwangukia mtu: weka sehemu hiyo chini ya maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Usiibandue nta iliyoshika ngozi kwa nguvu, wala usipake dawa ya meno, yai au mafuta.

## Hatua ya 5: Chovya mara ya kwanza

Pandisha nta hadi nyuzijoto 75 au 80. Zamisha jozi ya kwanza na uishikilie humo. Utaona viputo vidogo vikipanda kando ya utambi: hiyo ni hewa, na mara nyingine unyevu, inayotoka kuipisha nta. Kaa hapo mpaka viputo viishe. Ni dakika moja, pengine zaidi kidogo.

Toa, acha ichuruzike, rudisha kwenye fito. Fanya hivyo kwa vijiti vyote vitano. Zikianza kupoa, vuta kila utambi unyooke, kwa sababu mshumaa utakuwa na umbo la utambi wake.

Utajua uko sawa utambi ukining'inia mgumu na mnyoofu, bila sehemu nyeupe kavu.

## Hatua ya 6: Mizunguko

Sasa shusha joto hadi kati ya nyuzijoto 68 na 74. Usitoke nje ya hapo.

Zamisha jozi ya kwanza na uitoe kwa mwendo mmoja, bila kusita chini. Ishike juu ya kopo mpaka tone la mwisho lidondoke. Rudisha. Chukua ya pili. Ukishika kwa sekunde kama 40 kila kijiti, utakaporudi kwenye cha kwanza zitakuwa zimepita dakika tatu na ushee, na hizo ndizo tabaka linazohitaji ili lishike. Vijiti vitano si namba ya kubahatisha. Ukiwa na viwili utashawishika kuchovya kabla ya wakati, na tabaka lenye joto likirudi kwenye nta ya moto linayeyuka na kuondoka.

Dar es Salaam au Mombasa, ambako hata mvua ikinyesha hewa ni ya joto, ongeza dakika moja kati ya mizunguko. Njombe, Lushoto au Limuru ni kinyume: mshumaa ukipoa mno, tabaka jipya halishikani na la chini na yatatengana baadaye kama maganda. Huko sogeza viti karibu na jiko.

Ukiona utando wa nta unaanza kuganda ukingoni mwa kopo, joto limeshuka. Ongeza moto kidogo kabla ya jozi inayofuata. Ukiona mshumaa unatoka mwembamba kuliko ulivyoingia, nta ni ya moto mno.

Kila baada ya mizunguko mitatu au minne ongeza nta kutoka sufuria ndogo. Usitumbukize mabonge baridi, yatashusha joto la kopo zima.

Baada ya mzunguko wa sita hivi mishumaa inakuwa na uzito wa kujinyoosha yenyewe. Kata nati na kipande cha chini, uendelee. Kwa kawaida mizunguko 20 hadi 25 hufikisha unene wa sentimita 2.

Hii ndiyo sehemu ya kutulia, na naiomba uitendee haki. Weka simu chumba kingine, kwa sababu ujumbe mmoja tu unatosha kupoteza hesabu ya joto na ya muda. Sikiliza tone la mwisho. Mzunguko wa tatu utakuwa bado unafikiria ya ofisini. Kufikia wa kumi, macho yanatazama tu ukingo wa mshumaa unavyobadilika kutoka kung'aa hadi kufifia, dalili kwamba umeganda na uko tayari. Watoto wenye umri wa kuelewa wanaweza kusuka tambi na kutaja joto la kipimajoto. Wasishike vijiti juu ya nta.

## Hatua ya 7: Nyoosha, kisha pamba

Baada ya mzunguko wa mwisho una dakika tano hadi kumi ambazo mshumaa ni mgumu nje lakini ndani bado unakubali. Usizipoteze.

Kwanza vingirisha kila mmoja kwenye meza laini kwa kiganja, bila kubonyeza, mpaka uzunguke bila kuruka. Kata kitako kikae sawa.

Kisha amua. Njia ninayoipenda ni kusokota: laza mshumaa, bonyeza sehemu ya kati kwa chupa iliyo laini hadi ubaki na unene wa sentimita moja, kisha shika ncha mbili na uzigeuze kinyume, polepole, huku ukitazama mkunjo unavyopanda. Ukisikia unakataa, acha, umepoa. Kulazimisha kunaukata utambi ndani na hutaona mpaka siku mwali utakapofika hapo ukazimika.

Njia ya pili ni kuchora kwa sindano nene mshumaa ukiwa umepoa kabisa. Nakshi za milango ya Zanzibar, mawimbi na mnyororo wake, zinakaa vizuri sana kwenye umbo refu. Pindo la kanga pia. Mchoro usizidi kina cha milimita 2, la sivyo nta itachuruzikia hapo.

Rangi ya chakula ya maji haichanganyiki na nta, na krayoni huziba utambi. Karafuu nzima, maua makavu na vijiti vya mdalasini visibandikwe kwenye mshumaa, kwa sababu vinashika moto. Nta ya nyuki ina rangi na harufu yake. Kwa mishumaa ya kwanza iache ijitegemee.

Ukitaka uso laini, na kama hukuchora, chovya mara moja ya mwisho kwa nyuzijoto 80, ukitoa haraka.

## Hatua ya 8: Acha ikae, kisha jaribu mmoja

Ning'iniza mishumaa mpaka kesho yake. Nje itaonekana tayari baada ya saa moja, lakini ndani bado inaganda.

Kata utambi ubaki milimita 5 au 6. Chukua mmoja tu, usimamishe kwenye kishikizo kisichoungua, mbali na pazia na chandarua, na uuwashe kwa saa moja ukiwepo. Usiwahi kulala mshumaa ukiwaka, hata umeme ukiwa umekatika na unamsubiri mtu.

Utajua umefanikiwa mwali ukiwa wa sentimita 2 au 3, umetulia, bila moshi, na juu pakiwa na kidimbwi cha nta kinachokaribia ukingo bila kumwagika.

Nta iliyobaki mimina kwenye bakuli lililopakwa sabuni ya maji kidogo na kukaushwa. Ikiganda itatoka nzima. Usiimwage kwenye sinki, itaziba bomba. Vyombo vipanguse kwa gazeti vikiwa bado na joto, na gazeti hilo lihifadhi la kuwashia mkaa.

## Kama bado kuna tatizo

Mwali mdogo unaozama kwenye nta. Utambi ni mwembamba. Suka mwingine kwa nyuzi nne au kwa uzi mnene zaidi.

Mwali mrefu wenye masizi. Kata utambi kwanza. Ukirudia, utambi ni mnene.

Cheche na mlio wa kuchemka. Maji. Yaliingia kwenye utambi au yalibaki kwenye nta. Mishumaa hiyo iyeyushe upya polepole, acha igande, kwangua matone ya maji chini ya kigae, suka tambi mpya zilizokauka. Hakuna namna ya kuurekebisha mshumaa uliokwisha kuchovywa.

Mabonge. Ulichovya nta ikiwa karibu kuganda. Mshumaa ukiwa na joto unaweza kuyavingirisha yakaisha.

Nta inachuruzika upande mmoja. Kabla ya kulaumu utambi, angalia upepo. Dirisha lililoachwa wazi kidogo siku ya mvua linatosha kuusukuma mwali upande mmoja usiku mzima.

Baada ya wiki kadhaa umeota utando mweupe kama vumbi. Hiyo ni tabia ya nta halisi ya nyuki, si kuharibika wala si kuvu. Pangusa kwa kitambaa laini chenye vuguvugu.